Nani Aliufunza Ua wa Akina Lyatuu

Jumanne saa mbili asubuhi Sikitu Ngonyani alipiga magoti mbele ya ua wa akina Lyatuu, na magoti yakalia kwa maumivu yaleyale ya kila asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Karibu thelathini kati ya hiyo aliimaliza akifunza nyua za Mivuleni, na zilikuwa zimebaki wiki saba tu astaafu. Mtu aliyebakiza wiki saba huomba dunia itulie kidogo, lakini dunia haijui kuombwa.

Mivuleni iko nyuma ya vilima, kule ambako jiji la Dar es Salaam limechoka kuwa jiji na kuanza kuwa miti. Ukitoka mjini, kwenye lami inayonata viatuni, ukafika kwenye mivule miwili ya mwanzo wa barabara, shati linakuachia mgongo. Watu wa Bondeni, walio chini tu ya kilima na hawana mti wa maana, huiita Friji. Kila alfajiri hupanda na mabeseni yao ya vitafunwa, na jua likichwea huteremka.

Ukuta huko hakuna hata mmoja. Kuta zenye vipande vya chupa juu yake ni mambo ya babu zetu. Kila nyumba imezungukwa na mchongoma maizi, ua wa miiba unaonusa. Mwenye nyumba akikaribia, matawi hujitenga akapita bila kuguswa hata ukosi wa shati. Mgeni akikaribia, ua hubaki umefunga, naye atasubiri hadi mwenyeji aje aguse shina mama, lile shina nene la pembeni lenye pete ya shaba. Hivyo ndivyo ulivyozoeleka, na watu wakausahau wakauona mti tu.

Sasa chini ya ua ule lilikuwa limelala sufuria kubwa kifudifudi, na kando yake ndala moja. Vilikuwa pale tangu Jumamosi alfajiri. Hakuna aliyethubutu kuviokota.

"Shikamoo, Mama Ngonyani."

"Marahaba, mwanangu."

Aliyemwamkia alikuwa Injinia Mushobozi, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye adabu zote na viatu visivyojua vumbi. Alijikunja akachuchumaa karibu yake, na Sikitu akamwonea wivu kwa namna magoti yake yalivyonyamaza.

"Pole na kazi, mama. Hili ni jambo dogo. Bibi Lyatuu kafariki Ijumaa, familia ikaleta orodha ya waombolezaji, ukaunusisha ua harufu za wote walioandikwa. Au sivyo?"

"Ndivyo."

"Yule bibi wa mihogo, huyu Chausiku, hakuwemo. Kaja alfajiri na sufuria lake, kaingia moja kwa moja. Ua ukafanya kazi yake."

"Ua ukimkataa mtu hufunga," Sikitu alisema. "Hauchomi."

"Huyu umemchoma."

"Nimeona."

"Na ua huchoma adui tu. Na adui haandikwi na mtu, ua hujifunza wenyewe kwa jasho la wenye nyumba. Maana yake kuna mtu humu ndani alikuwa akimwogopa huyu bibi siku nyingi. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha hivyo kwenye semina?"

Alikuwa amemfundisha vizuri mno. Sikitu alijiinua kwa kushika pete ya shaba, na mchongoma, uliomjua kuliko ulivyowajua wenyewe, ukalegeza matawi mpaka kwenye kiwiko chake.

"Nyumba ya msiba haina orodha, Injinia," alisema. "Mwanamke akisikia msiba anachukua sufuria na kisu chake anakwenda kupika. Hapigi hodi wala hangoji kualikwa. Kule kwetu..." Akakatisha hapo, akakohoa. "Yaani, kwa watu wa kule chini."

"Naelewa, mama, na ninamwonea huruma. Lakini mila ni mila na kanuni ni kanuni." Akamfungulia fomu kwenye kibao chake.

Mwisho wa fomu palikuwa na maneno matatu, na mfunza ua alitakiwa kuchagua moja kwa kidole chake. Mvamizi. Hitilafu. Malezi. Sikitu aliyajua yote kwa moyo, maana miaka ishirini iliyopita aliitwa kusaidia kuyatunga. Akichagua Hitilafu, vipande vya ua vingepelekwa maabara, na maabara haijawahi kujibu chini ya wiki tatu. Akichagua Malezi, yaani ua ulifunzwa vibaya, ingebidi amtaje aliyeufunza. Akichagua Mvamizi, harufu ya Chausiku ingepelekwa kwenye kila ua wa Mivuleni asikanyage tena barabara zile na beseni lake, na dawa asingepewa.

"Dawa ameshapewa?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Itatolewaje kabla ya fomu? Kifungua ganzi kipo kliniki yetu, kiko tayari. Ukiandika chochote kisichokuwa Mvamizi, dakika hiyohiyo pikipiki inateremka nacho. Lakini Hitilafu..."

"Hitilafu hungoja maabara."

"Hungoja maabara. Na ganzi ya mchongoma unaijua. Dawa ikiwahi ndani ya siku tano, mkono unarudi wote. Zikipita, kinarudi kitakachobahatika." Mushobozi alisimama, akajipangusa mapaja yasiyokuwa na kitu. "Mimi nadhani ni Mvamizi, mama. Ukimaliza, wiki saba zako unazila taratibu, namba nane inakuwa yako hadi kufa, na sisi tunakufanyia sherehe. Usijitafutie kazi."

Namba nane ilikuwa nyumba ya mfunza ua, vyumba viwili na baraza chini ya mzambarau. Ukimaliza miaka thelathini bila doa, unaachiwa. Sikitu hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na kiwanja popote duniani. Alikuwa na baraza lile na usingizi aliokuwa akiuwekea miadi kwa miaka.

*

Alitoboa shina mama kwa kekee ndogo, taratibu, akatoa kijiti chembamba cha unene wa njiti ya kiberiti. Ndani ya kijiti kile mlikuwa na miaka kumi na miwili ya nyumba ya akina Lyatuu. Mchongoma maizi hauna kichwa, kwa hiyo kila unachojifunza hukiweka kwenye mbao. Furaha ya mwenye nyumba huiacha mbao ilivyo. Hofu huacha doa la kahawia, dogo, lenye tarehe yake, na harufu ya aliyeogopa, na harufu ya aliyeogopwa. Madoa yakizidi ishirini dhidi ya mtu mmoja, miiba hupata utomvu wa ganzi.

Godlisten Lyatuu, mtoto wa marehemu, alitoka nje na vikombe viwili vya chai. Macho yake yalikuwa mekundu na shati lake halikubadilishwa tangu juzi.

"Mama Ngonyani, naomba nikuulize. Ni sisi?"

"Bado sijasoma."

"Maana mama alikuwa hali mihogo ya mtu mwingine isipokuwa ya yule bibi. Hata siku ile ya mwisho alitaka kipande. Mimi nimekua namwita yule shangazi. Kama ni mimi niliyemwogopa bila kujijua, niambie tu." Alitazama lile sufuria pale chini. "Sikumwandika kwenye orodha. Sijui kwa nini. Nadhani niliona haina haja, si angekuja tu?"

"Kunywa chai yako, baba," Sikitu alimwambia. "Nitasoma, nitakwambia."

Saa sita mchana alikuwa barazani kwake, kijiti kimo ndani ya kisomeo, miguu yake imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kisomeo kilichukua muda wake. Kisha madoa yakajitokeza kiooni, moja baada ya jingine, yote dhidi ya harufu moja, harufu ya mwanamke mzee mwenye moshi wa kuni kwenye nguo. Alihesabu ishirini na sita kwa miaka mitatu, halafu akatazama tarehe.

Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, kila mara.

Kwanza alimfikiria mpishi wa akina Lyatuu, halafu mkwe wao anayekuja kutoka Moshi. Aliwafikiria kwa bidii, huku akijua anavyowaonea. Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, mtu mmoja tu duniani alikuwa na sababu ya kusimama penye ua ule ameshika shina mama. Alibonyeza kuuliza harufu ya aliyeogopa, na kisomeo kikaandika namba yake yeye ya kazi.

Ilimbidi asome mara mbili. Kisha akaondoa miguu kwenye maji, akaikausha kidole kwa kidole, maana hakuona kingine cha kufanya.

Mfunza ua haandikwi kwenye mchongoma kama mkazi. Huandikwa kama mkono. Mkazi akiogopa mara moja ua husubiri, huenda kaota vibaya au kagombana na mumewe. Lakini mkono ndio unaouonyesha ua kipi ni kipi, nao huuamini bila kubisha. Kama mkono una jasho, kuna jambo.

Na mkono wake ulikuwa na jasho, ndiyo. Jumatatu saa tatu, saa ya ukaguzi wake wa kila mwezi, ndipo Chausiku alipokuwa akipita na beseni kichwani, na sauti yake ilikuwa ya kusikika nyumba kumi.

"Sikitu weee! Mwana wa Mama Komoni! Leo nako hunipi salamu?"

Mivuleni ilimjua Sikitu kuwa mtu wa Songea, binti wa mwalimu wa misheni. Aliusema uongo huo siku ya usaili, akiwa na miaka ishirini na minane na viatu vya kuazima, kisha ikabidi aishi nao. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mama yake alikuwa akipika pombe ya komoni pale Bondeni, walevi wakilala mlangoni, na msichana wa jirani aitwaye Chausiku ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka bombani wasije wakamkanyaga. Da Chau. Hakuna mtu aliyemtendea wema zaidi katika utoto wake wote. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, sauti ile ikikata kona, moyo wa Sikitu ulikuwa ukimpasuka. Aliinamisha kichwa, akashika shina kwa nguvu na kujifanya anasoma pete, akiomba asisikie mtu, asitoke mtu, apite haraka.

Hakuwahi kumwogopa Chausiku hata siku moja. Alikuwa akiona haya. Lakini mchongoma hupokea jasho tu, na jasho la haya na jasho la hofu hutoka mahali pamoja na kunuka namna moja. Hilo lilimpita yeye mtaalamu, aliyezunguka na semina nchi nzima.

Kibao kilikuwa mezani. Fomu ilikuwa wazi. Saa ilikuwa saba na dakika chache, Jumanne, siku ya nne.

Nitaandika kesho, aliwaza. Leo nimechoka.

*

Jumatano alilala.

Pengine msomaji angependa kusikia kwamba alizunguka chumbani, alilia, aliomba. Hapana. Aliamka saa kumi na mbili, akaona ndege wamejaa kwenye mzambarau, kivuli kimetanda barazani mpaka mlangoni, hewa inaingia dirishani ina harufu ya majani mabichi, akasema atajilaza kidogo apate nguvu ya kuandika. Mwili ulikuwa mzito, si wa ugonjwa. Ni uchovu wa mtu aliyebeba kitu miaka thelathini, na siku anayoambiwa akitue ndiyo mikono inayokataa kufunguka.

Saa tano Mushobozi alipiga simu.

"Mama, umefikia wapi?"

"Bado nasoma."

"Kuna tatizo?"

"Kijiti kina unyevu. Kesho."

Hakikuwa na unyevu wowote. Alirudi kitandani, akajifunika shuka hadi kichwani kwa ajili ya nzi, ingawa Mivuleni nzi si wengi. Alijiambia kwamba madaktari huzidisha, siku tano kwao ni saba. Alijiambia kwamba Chausiku ni mwanamke wa nguvu, amezaa sita, mkono utarudi tu. Na mara moja, mara moja tu, ila aliisikia wazi kichwani mwake, alijiambia kwamba mwanamke mwenyewe ana makelele, na akizuiwa kupanda huku juu, Jumatatu zitakuwa kimya.

Aliona aibu kwa wazo lile. Kisha akalala tena, mpaka kivuli cha mzambarau kikahama upande wa pili wa baraza.

*

Alhamisi saa nne asubuhi aliingia ofisi ya kamati na kibao kwapani. Ilikuwa chumba kizuri, madirisha mapana, majani yanagusa vioo. Mushobozi alimvutia kiti mwenyewe.

"Nimeandika Malezi," Sikitu alisema kabla hajakaa.

Mwenyekiti alikunja uso. "Akina Lyatuu? Mama, wako kwenye matanga."

"Si akina Lyatuu. Soma chini."

Alisoma. Sikitu alimtazama akisoma, akaona jinsi uso wake ulivyobadilika mara mbili, kwanza kwa mshangao na pili kwa kitu alichokitambua, hesabu ya haraka ya mtu anayetafuta njia ya kumwokoa mwenzake ili asisumbuke mwenyewe.

"Mama wa Songea," alisema polepole.

"Mama wa Bondeni. Pale penye bomba la zamani. Mama yangu alikuwa akipika komoni."

"Hakuna aliyekuuliza hilo."

"Na mimi nilihakikisha hakuna atakayeuliza."

Mushobozi aliinuka akafunga mlango. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, na Sikitu akajua kwamba anazungumza kwa wema, na wema huo ndio uliomchosha zaidi. "Nisikilize. Bado sijaituma. Kijiti kimoja hakitoshi, kanuni inasema viwili. Nakipoteza hiki, wewe unaandika Mvamizi, mimi kwa siri natafuta mtu wa kumpa yule bibi kitu kidogo cha kumsaidia. Wewe unapumzika. Nani anaumia?"

"Yeye."

"Keshaumia tayari, mama! Siku tano zimeisha leo alfajiri. Dawa ikienda sasa itamrudishia nini?"

Neno lile lilimpata Sikitu penyewe. Alikuwa amelihesabu njiani, hatua kwa hatua, chini ya mivule ile mizuri.

"Itamrudishia itakachorudisha," alisema. "Tuma."

"Unajua nyumba inakwenda."

"Najua."

"Na harufu yako inafutwa kwenye nyua zote. Karibu miaka thelathini, mama. Mkono ukifutwa haurudishwi."

"Injinia, nimechoka. Nilianza kuchoka wewe ukiwa shule. Naomba utume ili nikapange vitu vyangu."

Alituma. Haikuchukua muda, kidole kimoja tu, na baada ya dakika chache walisikia pikipiki ya kliniki ikiteremka kilima. Mushobozi hakumtazama tena. Alimwambia kwamba fomu inampa saa arobaini na nane, na kwamba funguo aiache kwa mlinzi wa bustani.

Njiani kurudi alipita kwa Godlisten, kama alivyoahidi. Alimwambia kwamba si wao. Kijana yule alikaa chini kwenye ngazi, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akasema asante, asante mama, kisha akauliza ni nani basi. Sikitu akamwambia. Godlisten alisimama. Aliingia pale chini ya ua, akaliokota lile sufuria, akalifuta kwa mkono wa shati lake na kuingia nalo ndani.

*

Jumamosi Sikitu alitoka namba nane na masanduku mawili. Ua wake mwenyewe, alioupanda na kuumwagilia kwa kikombe ulipokuwa mche, ulifunga mbele yake ukatulia. Alisimama pale mpaka mlinzi wa bustani akaja kugusa shina, akapita ubavuubavu kama mgeni, na mwiba mmoja ukamkwaruza shingo. Haukuwa na utomvu. Ulikuwa tu haumjui.

Bondeni palimpokea kwa joto lake, lami yake inayonata na watoto wanaotazama masanduku. Bomba la zamani halikuwepo. Mahali pa nyumba ya mama yake palikuwa na duka la betri. Nyumba ya Chausiku aliitambua kwa moshi wa kuni.

Chausiku alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wa uani, mgongo ukutani, mkono wa kulia juu ya mto. Kando yake palikuwa na kisu na gunia la mihogo, bado ina udongo.

"Shikamoo, Da Chau."

Mwanamke yule aligeuza kichwa. Alimwangalia kuanzia kichwani, akateremka hadi kwenye masanduku, akapanda tena.

"Marahaba. Kumbe sauti unayo."

"Ninayo."

"Kaa. Masanduku yaache hapo, hapa hakuna wa kuyaiba, na akiyaiba tutamjua." Alisogeza miguu kumpa nafasi. "Daktari kaniambia ua ulifunzwa. Kasema mwenye kuandika hivyo ni wewe."

"Mwenye kuandika ni mimi. Na aliyeufunza ni mimi."

"Ulikuwa ukiniogopa?" Chausiku alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Mimi? Niliyekubeba mgongoni hapa ukanikojolea kanga mbili kwa siku?"

"Nilikuwa naogopa ukiniita."

Kicheko kilikoma. Kuku alipita akadonoa udongo wa mihogo, na hakuna aliyemfukuza.

"Nilijua hupendi," Chausiku alisema mwishowe. "Nilikuwa naita makusudi. Nikijisemea, atachoka huyu, ipo siku ataitika, nami nitajua mtoto wa Mama Komoni bado yu hai. Sikujua mti unasikiliza."

"Nisamehe, Da Chau."

"Ngoja kwanza." Aliuinua mkono wake kwa mkono mwingine, akaugeuza Sikitu auone. Kidole gumba kilisogea. Cha shahada kilisogea, kwa shida. Vitatu vilivyobaki vilining'inia tu, vyeupe kwenye kucha. "Hivi viwili vimerudi jana. Hivi vingine, daktari kasema, nivizoee hivyohivyo. Wewe haya mambo ya ua uliyajua lini?"

"Jumanne."

"Na sindano nimechomwa Alhamisi."

"Ndiyo."

"Daktari kasema ingefika Jumatano, vingerudi vyote. Kasema hivyo bila kuulizwa, vijana hawa wana mdomo." Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa akiuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Jumatano ulikuwa wapi?"

Majibu yalikuwepo. Kijiti kilikuwa na unyevu. Kamati ilimzuia. Aliugua. Yalimjia yote midomoni yakiwa yamepangwa vizuri, maana mtu aliyeishi na uongo mmoja miaka thelathini hakosi mingine ya akiba.

"Nilikuwa nyumbani," Sikitu alisema. "Nilikuwa nimechoka, nikalala."

Chausiku aliutazama mkono wake kwa muda. Alijaribu kukunja vile vidole vitatu, akavitazama visivyokunjika, akaurudisha mkono juu ya mto taratibu. Machozi yalimtoka Sikitu, akayaacha. Hakuona kwamba ana haki hata ya kuyafuta.

"Uchovu naujua," Chausiku alisema. "Mimi mwenyewe nimechoka tangu enzi za mama yako. Lakini Jumatatu kabla hakujakucha kuna watu huko juu wanangoja mihogo, na wengine wagonjwa, hawali kingine. Nao sikuwahi kuwaambia nimelala."

Akanyoosha mguu, akakisukuma kisu kwa kidole mpaka kikafika mbele ya Sikitu.

"Sijakusamehe. Nisije nikakudanganya. Menya."

Sikitu alivuta gunia. Miaka mingi hakumenya muhogo. Wa kwanza aliutoa ganda na nyama pamoja, na Chausiku akasonya, akamwonyesha kwa ule mkono mzima jinsi ya kupasua ganda kwa urefu halafu kulikunjua. Wa pili ulikuwa afadhali. Walikaa hivyo hadi gunia likafika nusu, bila mengi, isipokuwa Chausiku akisema huo una mizizi toa, huo umeoza weka kando. Magoti ya Sikitu yaliuma, na mgongo, na mkwaruzo wa shingoni ulikuwa umeanza kuwasha.

"Hiyo Jumatatu," aliuliza bila kuinua macho, "nije saa ngapi?"

"Saa kumi," Chausiku alisema. "Usilale."